Upande wa Sikio Zima

Jirani yangu hapa Mumbuni anajenga. Juzi vijana wake wa kuchimba msingi walikutana na jiwe, kama anavyokutana nalo kila mtu anayejenga Machakos, na badala ya kukodi mashine wakafanya walivyofanya babu zao: wakalundika kuni na tairi kuukuu juu yake, wakawasha. Moshi ukaja moja kwa moja kwenye kamba yangu ya nguo. Nilitoka nikiwa nimeandaa hotuba. Mimi huandika makala kwa riziki yangu, kwa hiyo hata nikigombana huwa nina utangulizi, hoja na hitimisho. Nilifika uani mwake wakati kijana mmoja anamwaga ndoo ya maji baridi juu ya lile jiwe la moto. Jiwe likalia kama risasi, likapasuka, mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke ikaja harufu.

"Madam, pole na moshi," kijana akasema. "Hii jiwe imekataa kabisa."

Sikufika hata kwenye utangulizi. Nilisimama pale na karai langu la nguo mpaka akaniuliza kama niko sawa.

Harufu ya jiwe lililochomwa kisha likamwagiwa maji haifanani na nyingine. Ina baruti kidogo, na udongo wa mvua ya kwanza, na kitu cha chuma kinachokaa ulimini. Kabla ya juzi nilikuwa nimeinusa mara moja tu maishani, nyumbani kwetu Mitaboni, siku iliyotangulia mazishi ya babu yangu. Lakini mambo haya hayaanzi na babu. Yanaanza na sikio la nyanya.

Nyanya yangu, mama yake baba, tulimwita Susu kama Wakamba wote wanavyowaita nyanya zao. Sikio lake la kushoto liliugua akiwa mtoto, likatoa usaha, likanyamaza moja kwa moja. La kulia lilikuwa zima, mradi useme ukiwa karibu nalo. Mimi nilipewa jina lake nilipozaliwa, na nilipokua kidogo nikapewa na kazi ya kukaa karibu na sikio hilo. Baba alikuwa kiwandani Athi River, akiishi na Mama na ndugu yangu mchanga katika chumba kimoja ambamo mimi nisingeenea, kwa hiyo nililelewa Mitaboni. Sikuwahi kujiona nimeachwa. Nilijiona nina ajira.

Ajira yenyewe ilikuwa nzito zaidi siku ya Jumapili. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyehubiri kama anayemsimulia mgonjwa. Niliketi upande wa kulia wa Susu, yeye ananiinamia, mimi namrudishia mahubiri sikioni.

"Anasema nini?"

"Anasema tusiibe."

"Wakati wote huo ni tusiibe tu?"

"Na tusiseme uongo."

"Eeh. Basi endelea kusikiliza," alisema, akinipiga goti kwa kiganja, "maana ufupi huo lazima umeiba kitu."

Siku hizi wahariri hunisifu kwamba najua kufupisha. Hawajui nilianzia wapi.

Babu, ambaye tulimwita Umau, hakuja kanisani. Jumapili ilikuwa siku yake ya kukagua mizinga ya nyuki, na jioni siku yake ya kukagua pombe ya wenzake. Kwa kuwa nilikuwa na jina la mke wake, aliniita mke wangu, na hakuna mtu kwetu aliyeshangaa. Ndivyo babu na mjukuu wa namna yangu wanavyotaniana.

"Mke wangu, niletee maji."

"Mke wako ni yule pale."

"Yule hanisikii. Wewe unanisikia halafu unakataa. Sasa nani mbaya?"

Susu alikuwa na namna yake ya kulala. Alilalia sikio zima, lile lililokufa likabaki juu. Alisema Mungu alimwachia hilo kwa ajili ya kukoroma kwa Umau. Akishalala hivyo, jogoo wangewika hadi wakauke makoo. Hakuna kumwita mtu kama huyo. Kwa hiyo kila alfajiri Umau, aliyeamka wa kwanza, alizunguka kitanda na kumgusa begani. Alimgusa na kungoja, akamgusa tena, mpaka Susu ageuke na sikio lake litoke kwenye mto. Ndipo alipomwinamia na kumwambia neno moja: "Kumekucha." Mimi nililala nyuma ya pazia katika chumba hicho hicho. Hilo ndilo neno la kwanza nililolisikia kila siku ya utoto wangu, na halikusemwa kwa ajili yangu.

Susu aliugua kifua wakati wa kuvuna mbaazi. Walimpeleka hospitali mjini kwa gari la jirani, mimi nikabaki na ghala lililojaa mbaazi na maswali. Aliporudi alikuwa ndani ya sanduku.

Wakati huo watoto hawakufichwa maiti. Sanduku lilifunguliwa uani, watu wakapita wakizunguka, na Mama, aliyekuwa amefika kutoka Athi River, akaninyanyua nione. Uso ulikuwa wake, ingawa walikuwa wameupaka mafuta mengi kuliko alivyopenda. Kitambaa cheupe kichwani. Na ndani ya sikio la kulia, pamba.

"Mama, wamemziba!"

"Nyamaza, mwaitu," akasema, akiniita mama kwa Kikamba kwa ajili ya jina nililobeba.

"Lakini ndilo sikio zima! Wamemziba sikio zima!"

Mama alidhani ni kilio kama vilio vingine. Alinibana kifuani, watu nyuma yetu wakasogea, na nilipopata kutazama tena mtu mwingine alikuwa ameshasimama mbele yetu. Nilimwambia shangazi, akanifuta makamasi. Nilitaka kumwambia Umau, lakini alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na ghala, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona hatazami kitu.

Kaburi lilichimbwa ukingoni mwa shamba, mahali Susu alipopenda kuanika mtama. Wachimbaji walikuwa wamekusudia kulichimba mbali kidogo upande wa kulia, wakakutana na mwamba. "Huku ni jiwe mpaka kuzimu," mmoja wao alisema, akakaripiwa na mzee wa kanisa. Wakasogea kushoto penye udongo laini. Kwa hiyo Susu alilazwa ubavu wake wa kulia ukikaribiana na mwamba.

Mchungaji, mtu wa sauti ya chini, siku hiyo alipaza sauti. Alisema kaburi si nyumba, ni mahali pa kungojea. Alisema tarumbeta itapigwa, na waliokufa katika Bwana wataisikia na kuinuka kwanza, kila mmoja na mwili wake, mwili usioumwa tena. Watu wakaitikia amina. Nikageuka kushoto kumwambia Susu alichosema mchungaji.

Nadhani watu wengi huelewa kifo kwa namna hiyo, kwa kugeuka. Mimi niligeuka, nikaona mahali pake pamekaliwa na mama mmoja wa Kathiani nisiyemjua, na papo hapo nikaelewa jambo ambalo watu wazima wote waliokuwa pale walikuwa hawajaliona. Tarumbeta itapigwa, wote watainuka, na Susu hatasikia. Sikio moja limekufa, jingine limezibwa pamba, na analala usingizi usiokatika kwa kelele. Wataondoka wamwache.

Baada ya mazishi Baba alisema nitahamia Athi River, kwa sababu Umau hawezi kulea mtoto wa kike peke yake. Nilikataa. Nilikwenda nikakaa kwenye ule mwamba kando ya kaburi, upande wa kulia, na kila waliponiondoa nilirudi. Mama alikuja kunibembeleza. Akaniambia Susu hayumo mle ndani hata kidogo, yuko tayari mbinguni na Yesu, anatuona. Nikamuuliza, kama yuko tayari, tarumbeta ni ya nini? Mama akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kumsaidia. Baadaye, chuo kikuu, niligundua kwamba watu wenye ndevu na shahada wamebishana juu ya swali hilo kwa vizazi vingi, na kwamba Mama alilijibu kama wengi wao: aliniambia nije ninywe uji.

Waliita mchungaji. Alichuchumaa mbele yangu na suti yake ya mazishi, akanisikiliza mpaka nikamaliza habari za pamba.

"Mtoto wangu," akasema, "Mungu aliyeumba sikio atashindwa kulifungua?"

"Mbona hakulifungua akiwa hai? Aliomba kila Jumapili. Mimi nilikuwa hapo."

Mchungaji alichuma jani la nyasi, akalikunja, akalikunjua.

"Hilo sijui," akasema. "Najua ameahidi hatamwacha hata mmoja. Lakini hilo la kwa nini hakulifungua, sijui."

Nimesikiliza wahubiri wengi tangu hapo, wenye vipaza sauti na wenye magari. Wachache wamewahi kusema sentensi hiyo. Wakati ule, hata hivyo, haikunisaidia. Ahadi niliijua tayari, nilikuwa nimemfupishia Susu mara nyingi. Mimi nilitaka mpango.

Aliyekuja mwisho ni Umau. Hakuitwa na mtu. Alikuja na kigoda chake, akakiweka juu ya mwamba, akakaa, akatoa kichupa chake cha ugoro asikifungue.

"Mke wangu, unafanya nini hapa?"

"Nangoja tarumbeta."

Hakucheka. Ndilo jambo ninalolikumbuka zaidi kuliko yote, kwamba hakucheka.

"Ikilia utafanya nini?"

"Nitamwamsha Susu. Wamemtia pamba kwenye sikio zima."

Aliitazama ile ardhi mbichi muda mrefu.

"Nimeiona," akasema. Kisha: "Wewe una shule. Na mimi si mgonjwa, lakini si kijana. Hapa tulipokaa ndipo nitakapolala mimi. Upande huu. Sasa niambie, nani amekuwa akimwamsha huyu mama?"

"Wewe."

"Basi."

Nilifikiri. Mpango ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na tundu, na tundu hilo mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nalijua, kwa kuwa nilikuwa nimelipitisha kwa mdomo wangu mwenyewe, mahubiri kwa mahubiri, mpaka sikioni mwa Susu.

"Lakini Umau, wewe hutainuka wakati huo. Wanainuka waliokufa katika Bwana. Wewe hujaokoka."

"Nani alisema?"

"Mchungaji. Na Susu alikuwa analia kwa sababu hiyo. Alikuombea, mimi nilikuwa namsikia."

Umau akafungua kichupa cha ugoro, akakitazama ndani, akakifunga. Akakitia mfukoni kama mtu anayekiweka mbali kidogo.

"Nenda Athi River," akasema. "Hilo niachie mimi."

Nikaenda. Watoto huamini ahadi kwa jumla, hawaombi maelezo.

Niliporudi likizo nilimkuta Umau kwenye darasa la ubatizo, katikati ya watoto wa kimo changu, akiwa amekalia kigoda chake kwa sababu benchi za watoto zilikuwa zinamvunja kiuno. Pombe aliiacha bila taabu. Ugoro ulimtesa, alikaa darasani akipangusa pua kama mwenye mafua, na pale mchungaji alipotaja majaribu ya jangwani, alitikisa kichwa kwa huruma nyingi. Wenzake wa pombe hawakumwachilia.

"Mzee umeogopa moto?" mmoja alimpigia kelele sokoni, mimi nikiwa nimemshika mkono.

"Moto siuogopi," Umau akamjibu bila kusimama. "Naogopa kupitiwa na usingizi."

Siku ya kuhojiwa mbele ya wazee wa kanisa, sisi wengine tulichungulia dirishani. Mchungaji akamuuliza kwa nini anataka ubatizo.

"Niko na mke," Umau akasema. "Hasikii vizuri. Nataka siku hiyo niwe karibu."

Wazee wakacheka, mmoja akakohoa kuficha. Mchungaji hakucheka. Akamuuliza kwa sauti yake ile ya chini, ikabidi tunyamaze ili tusikie: "Na Bwana mwenyewe, mzee, unamwamini?"

Umau alipangusa pua, akatazama mlango. Nilidhani mpango umeharibika.

"Mchungaji," akasema, "mimi nimemwamsha mtu kila siku tangu nilipooa. Najua hiyo kazi. Sasa mnaniambia kuna mmoja aliamka kaburini na hakuna mtu amemgusa bega. Nimefikiria hilo jambo tangu mbaazi. Kama kuna mtu kama huyo, huyo anaweza kuniamsha mimi. Halafu mimi nitamwamsha huyu mama. Ndiyo, namwamini."

Walimbatiza bwawani, chini ya mteremko. Wakati wa kiangazi maji yalikuwa rangi ya chai. Alizama mzima na koti lake, akaibuka akitema, akatutafuta kwa macho ukingoni mpaka akaniona, akanitikisia kichwa mara moja, kama fundi aliyemaliza kupiga msumari.

Miaka ikapita, nikasoma. Nilisoma mpaka nikawa na majina mazuri ya kila kitu kilichotupata. Ufufuo nikaanza kuuita lugha ya matumaini. Ubatizo wa Umau nikauandikia insha darasani, nikieleza jinsi mzee mmoja alivyobeba mfano wa kidini ili kumfariji mtoto, na mwalimu akanipa alama za juu. Nilikwenda Mitaboni na insha hiyo mkobani, nikiwa nimekusudia, Mungu anisamehe, kumsomea. Nilimkuta alfajiri amesimama juu ya mwamba na fimbo yake, upande wa kulia wa kaburi la Susu. Hakujua nimefika. Hakukuwa na mtoto wa kufariji mahali popote pale. Insha ilirudi Nairobi mkobani vile vile.

Alikufa mwaka wangu wa mwisho chuoni, usingizini, na kiangazi kilikuwa kikali. Nilifika nyumbani nikakuta wachimbaji wamekaa, majembe chini. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia, alikuwa ameshaamua.

"Upande wa kulia haiwezekani," alisema. "Ni jiwe tupu. Mwili unatoka mochari kesho. Tumlaze kushoto, udongo ni laini. Mume na mke ni mume na mke, kushoto na kulia kuna tofauti gani?"

Ilikuwa hoja nzuri. Mimi ndiye niliyekuwa na elimu ya kuiunga mkono kuliko wote waliokuwa pale, na nilifungua kinywa changu nikasikia kinasema:

"Kulia."

"Wewe?" Baba mdogo akanigeukia. "Wewe si ndiye unasema haya mambo ni mifano?"

"Sikio la kushoto limekufa," nikasema. "Hatamsikia."

Wote walinitazama. Nilikuwa mwanamke mzima, nimevaa miwani. Kisha Mama, ambaye sikujua kama anakumbuka, akasema polepole, "Alimwahidi huyu. Nendeni mkalete kuni."

Walichoma ule mwamba mchana kutwa. Maji yalikuwa hayapo karibu, kwa hiyo wanawake tulishuka bwawani na mitungi, kwenye yale maji ya rangi ya chai, tukapanda nayo mteremko, na tukayamwaga juu ya jiwe la moto, likalia, likapasuka kipande kwa kipande. Jioni shimo lilikuwa limefika kina chake, na nguo zetu, nywele zetu, hata chai tuliyokunywa, vilikuwa vinanuka vile vile kulivyonuka kwa jirani yangu juzi.

Kesho yake sanduku lilifunguliwa uani, tukapita tukizunguka. Umau alikuwa amenyolewa vizuri. Masikioni mwake, yote mawili, walikuwa wametia pamba.

Nilinyoosha mkono nikaitoa, kulia, kisha kushoto.

"Unafanya nini?" shangazi akaninong'oneza.

"Yeye ndiye anayetakiwa kusikia kwanza," nikasema.

Shangazi alinitazama. Halafu akasogea, akasimama kati yangu na watu, akanikinga kwa leso yake mpaka nilipomaliza.

Watu wanaojua ninavyoandika huniuliza kama naamini maisha ya milele, na mimi huwajibu vizuri sana, kwa aya ndefu, mpaka wenyewe hujuta kuuliza. Hata sasa sijui kama jibu langu lingepita mbele ya wale wazee wa kanisa. Lakini nimewapa wanangu agizo moja, fupi kama nilivyofundishwa kufupisha. Nitazikwa Katangi, kwa mume wangu, na kutoka Katangi mpaka Mitaboni ni mbali. Masikioni msinitie pamba. Kuna neno moja litakalosemwa kule Mitaboni, upande wa kulia wa Susu, na yule mzee hajawahi kulisema kwa sauti kubwa.